Mgonjwa Akitunzwa Nyumbani, Meka ya Huduma Ni Ipi?

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye kilio huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Mzee aliyefariki alikuwa amelala nyumbani karibu mwaka mzima baada ya kupigwa na kiharusi, kile tunachokiita AVC, na watoto wake walikuwa wanamlipa mtu wa kumtunza. Chini ya turubai, kabla hata chai haijazunguka, ubishi ulishawaka. Mtoto wa kwanza alisema yule munganga wa nyumbani ndiye aliyemmaliza baba, kwa sababu siku za mwisho hakumtundikia serumu, ile chupa ya maji ya mshipani. Shangazi akakataa: binti yule ana diploma, tumeiona kwa macho yetu. Mjomba aliyetoka Likasi akauliza kama serikali inawatambua watu wa kazi hiyo. Jirani naye akasema mama yake alitunzwa na mtu asiye na diploma yoyote, na leo anakwenda sokoni kwa miguu yake.

Kila mmoja alikuwa anapima huduma, na kila mmoja kwa kipimo chake: serumu, diploma, muhuri wa serikali, mgonjwa kupona. Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachotosha peke yake, na kuna kimoja kinachopotosha kabisa. Mimi nilimtunza baba yangu nyumbani, hapa hapa Lubumbashi, nchini Kongo, kwa miaka mitatu, na ningemshukuru sana mtu ambaye angenieleza mapema haya ninayoyaandika leo.

Suala hili halitatuacha. Wazee wengi wa mji huu walizeekea chini ya Gécamines, kampuni ya madini, wakati kampuni ilipokuwa na hospitali zake, shule zake na unga wake, mpaka watu wakasema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpigo mmoja, katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa watu wa makamo wakati ule. Leo ni wazee, tansio (shinikizo la damu) imewachosha, sukari imewachosha, na anayewatunza si kampuni tena. Ni binti, ni mjukuu, ni mtu wa kulipwa aliyepatikana kwa simu.

Munganga ni nani?

Hapa kwetu kila anayevaa bluzi nyeupe ni munganga. Daktari ni munganga, muuguzi ni munganga, na mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo naye tunamwita munganga. Neno lina heshima yake, lakini kwenye huduma ya nyumbani linafunika kazi tatu tofauti.

Ya kwanza ni kumsaidia mtu kuishi siku yake: kumwogesha, kumlisha, kumvalisha, kumgeuza kitandani, kumsindikiza chooni. Kazi hii mtu anaweza kufundishwa bila kusomea uuguzi. Ya pili ni uuguzi wenyewe: kusafisha na kufunga kidonda, kuchoma sindano, kubadilisha sonda ya mkojo (mpira wa kutolea mkojo), kupima tansio na sukari na kuelewa namba zinasema nini. Hii inamtaka mtu aliyesomea, awe A2, wa diploma ya sekondari ya uuguzi, au A1, wa ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba. Ya tatu ni tiba: daktari anayeamua dawa ipi ianze na ipi ikome, na mtu wa kine, yaani wa mazoezi ya viungo, anayefufua mkono na mguu uliolegea.

Matatizo mengi yanaanza pale familia inapolipia kazi ya kwanza na kutarajia ya tatu. Binti aliyeitwa kuogesha mzee anaambiwa, "Leo kichwa kinamuuma, mwongezee nusu ya dawa ya tansio." Akikubali, ameshika kazi isiyo yake. Akikataa, tunamwona mvivu. Kumbe kukataa kwake ndiyo huduma bora.

Kiwango ni kama meka

Nenda soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, ununue unga. Muuzaji anakupimia kwa meka, chombo chake cha kupimia. Hamjuani, lakini mnaelewana, kwa kuwa meka inajulikana na wote wawili kabla bei haijatajwa. Lakini kitako cha meka kikibonyezwa kuingia ndani, unga utafurika juu huku chini umepungua, na ndiyo maana mama mzoefu huingiza mkono ndani kabla ya kupimiwa.

Kiwango cha huduma ni hicho: jambo lililokubaliwa mapema, linaloonekana na pande zote mbili, ambalo unaweza kuingiza mkono ukalihakiki. Tangazo linaloandika "huduma bora" bila kusema kitafanywa nini, mara ngapi na nani, halijakuonyesha meka yoyote.

Usalama na ubora si neno moja. Usalama ni mgonjwa kutoumizwa na huduma yenyewe: asichomwe sindano chafu, asipewe dawa ya mwenzake, asianguke akiwa mikononi mwa anayemtunza. Ubora unaubeba usalama na kuongeza mengine: kwamba huduma inamsaidia kweli, inafika kwa wakati, inamheshimu. Mzee anaweza kupewa dawa sahihi kwa saa sahihi na mtu asiyemsemesha hata neno moja kutwa nzima. Yuko salama, lakini hajahudumiwa vizuri.

Karatasi tatu, na ya nne isiyohusika

Turudi kwa shangazi na diploma. Diploma inasema mtu alisoma na akafaulu siku ile. Karatasi ya pili ni usajili kwenye baraza la wauguzi, Ordre des infirmiers, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Huo unasema mtu anaruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi na kwamba kuna chombo kinachoweza kumwita ajibu akikosea. Ya tatu ni ruhusa ya kituo au kampuni yenyewe kutoka kwa mamlaka ya afya. Misingi ya namna afya ya umma inavyopangwa nchini imo katika sheria ya tarehe 13 Desemba 2018. Hizi tatu zote ziulizwe, na anayefanya kazi kwa haki hataona vibaya kuulizwa.

Ya nne ndiyo inayotuchanganya. Kampuni nyingi huonyesha namba ya RCCM, imepigwa muhuri mzuri, na familia inaridhika. RCCM ni daftari la biashara. Inasema kampuni ipo, inaweza kuuza na kununua. Muuza saruji anayo pia. Haisemi lolote kuhusu sindano wala kidonda.

Hata zile tatu zikitimia, zinafanana na kibali cha udereva: kinaonyesha kwamba mtu alifundishwa na anaruhusiwa kushika usukani. Hakionyeshi kama leo amelala vya kutosha. Kwa hiyo mjomba wa Likasi aliuliza swali zuri, ila ni swali la mlangoni. Ndani ya nyumba kuna mengine.

Unga, kusonga, na bukari mezani

Mwaka 1966 daktari mmoja mzaliwa wa Beirut, Avedis Donabedian, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, aliligawa swali la ubora wa matibabu katika sehemu tatu, na hadi leo wakaguzi wa huduma za afya wanaupitia mlango huo: vitu vilivyopo, mambo yanayofanyika, na matokeo.

Fikiria bukari, ugali wetu. Kwanza kuna unga, sufuria, mwiko, moto na mpishi. Halafu kuna kusonga kwenyewe. Mwisho kuna bukari iliyo mezani. Unga mzuri hauhakikishi bukari nzuri. Mpishi asiyejua atatoa mabuje, yaani mabonge. Diploma, glavu, mashine ya tansio na ruhusa ya serikali ni unga na sufuria. Kunawa mikono, kumgeuza mgonjwa, kutoa dawa kwa saa yake ni kusonga. Kupona, kutopata vidonda, kutolala na maumivu ni bukari mezani.

Hapa ndipo jirani wa Katuba alipotea njia, na tunapotea naye wengi. Yeye alitazama matokeo tu, tena ya mgonjwa mmoja. Mgonjwa mmoja anaweza kupona licha ya huduma mbaya, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na nguvu, na mwingine anaweza kufariki mikononi mwa watu wasiokosea chochote. Matokeo huanza kusema kweli unapowatazama wagonjwa wengi pamoja. Ndiyo maana swali zuri kwa kampuni si "Mmewaponya wangapi?" bali "Mwaka huu wagonjwa wenu wangapi wamepata vidonda vya kulalia, na wangapi wameanguka?" Ukijibiwa haraka "hakuna hata mmoja", mimi ningeingia wasiwasi. Anayehesabu kweli huwa na namba, na huwa na maelezo ya alichobadilisha baada ya kila tukio.

Kwa familia yenye mgonjwa mmoja, mahali pa kukazia macho ni pale katikati, kwenye kusonga, kwa sababu hapo mambo yanaonekana kila siku. Nayaeleza yale niliyoyaona kwa karibu.

Kopo la biskuti

Baba alikuwa anaweka dawa zake kwenye kopo la biskuti. Siku moja alianguka akienda chooni, kwenye kizingiti cha jikoni. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinazunguka, nasi tukasema ugonjwa umeongezeka. Muuguzi aliyekuwa anakuja kumfunga kidonda cha mguu alilimwaga kopo lote kwenye kitambaa cha meza, akaanza kusoma kila boksi kwa sauti, si yale majina makubwa ya rangi, bali yale madogo ya chini. Maboksi mawili, majina mawili tofauti, rangi tofauti, na chini ya yote mawili neno moja: amlodipini, miligramu 10. Moja liliandikwa na daktari. Jingine lilinunuliwa na ndugu yetu kwenye duka la dawa aliposikia tansio imepanda. Kiasi cha juu cha dawa hiyo kwa siku ni miligramu 10. Baba alikuwa anameza 20.

Wauguzi wana kanuni ya mambo matano ya kuhakikisha kabla dawa haijaingia mdomoni: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kiasi ndicho, njia ndiyo, wakati ndio. Inasikika kama jambo la watoto wa shule mpaka ukae mbele ya kopo kama lile. Tangu siku ile dawa zote zilikuwa na orodha moja, imeandikwa kwa jina dogo la chini, imebandikwa ukutani, na hakuna boksi lililoingia ndani bila kupita kwenye orodha.

Wakati nao una mtego wake hapa kwetu. Tunaishi na saa za aina mbili kichwani. Bibi anasema saa mbili asubuhi. Mjukuu anayesoma Kifaransa anaandika 8h. Sasa mtu akiandika kwenye karatasi "saa 2" tu, mmoja atatoa dawa asubuhi na mwingine atatoa mchana, 14h, na mzee atakunywa mara mbili. Nyumba ichague mtindo mmoja. Sisi tuliandika 8h00 na 20h00, na pembeni tukachora jua na mwezi kwa ajili ya mama.

Ngozi inayobanwa

Umewahi kukaa juu ya mguu wako mpaka ukafa ganzi? Damu ilibanwa, mwili ukalia, nawe ukajigeuza bila hata kufikiri. Mgonjwa wa AVC upande wake mmoja haulii, au unalia na yeye hawezi kujigeuza. Ngozi iliyo kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuanza kufa. Huanzia juu kidogo ya makalio, kwenye nyonga, visigino, mabega, hata kisogoni. Kidonda cha kulalia kinaweza kuanza ndani ya siku moja na kuchukua miezi kufunga.

Kanuni inayofundishwa wengi ni kumgeuza karibu kila saa mbili, na kuongeza au kupunguza kulingana na godoro na mwili wake. Ageuzwe kwa kuinuliwa na watu wawili kwa shuka, asiburutwe, kwa kuwa kuburuta kunachana ngozi kwa ndani. Visigino vielee: weka mto chini ya mashavu ya miguu, si chini ya visigino.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu: bonyeza kwa kidole, ukiachia na wekundu usipopauka, kidonda kimeanza. Hivyo ni kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha. Tumia mgongo wa mkono: je, pale pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au pamelegea kama tunda lililogongwa, pamekuwa peusi zaidi? Muulize kama panauma. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mtu mwenye diploma akisema "hakuna wekundu" wakati ngozi ya mgonjwa ilikuwa inachemka.

Na tuache mambo mawili tunayoyafanya kwa nia njema. Kusugua kwa nguvu sehemu iliyoanza kubadilika kunaharibu zaidi nyama ya chini. Kumkalisha juu ya duara la mpira kunabana damu kuzunguka kidonda badala ya kukiponya.

Mikono, kijiko, sindano, makala

Wakati wa korona, mwaka 2020, milango mingi ilikuwa na ndoo yenye bomba. Ndoo ziliondoka, sababu ya kunawa haikuondoka. Kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60. Kwa dawa ya mikono yenye alkoholi, sekunde 20 hadi 30. Kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kugusa kidonda au sonda, baada ya mkojo au damu, na kabla ya kuondoka. Maji ya REGIDESO yasipotoka, bidoni (dumu) yenye bomba inatosha. Beseni moja la kuchovya mikono ya wote halitoshi. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu zilizofunga kidonda kisha zikashika kikombe zimemlinda aliyezivaa peke yake.

Kulisha kuna hatari isiyoonekana. Baada ya AVC koo mara nyingi halimezi vizuri, na jambo la kushangaza ni kwamba maji matupu hupalia kuliko uji mzito. Mgonjwa akae wima, kijiko kidogo kidogo, na abaki amekaa karibu nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa ya majimaji, simamisha na umwite muuguzi au daktari, kwa kuwa chakula kinaingia mapafuni.

Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko chake. Hapo ndipo vidole vya wauguzi vinachomwa, na homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita njia hiyo. Iingie moja kwa moja kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, kisichotobolewa, na kisijazwe mpaka juu. Muulize anayekuja kwenu anapeleka wapi. Akisema jalala la avenyi, umeshapata jibu lako.

Na mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ina baridi, umeme unakatika, na tunamwonea mzee huruma. Tunaingiza mbabula chumbani, tunafunga dirisha. Makala yaliyoiva vizuri, yasiyotoa moshi wowote, bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeweza kutembea atahisi kichwa kizito na kutoka nje. Aliyelala hatatoka. Blanketi mbili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, isiyogusa ngozi yake, ni bora kuliko mbabula kumi.

Serumu si chakula

Hiki ndicho kipimo nilichosema kinapotosha kabisa, nami nakigusa kwa upole kwa sababu kimebeba huzuni ya watu wengi. Tunaamini munganga mzuri ni yule anayetundika chupa, na kwamba asiyetundika amemwacha mgonjwa afe.

Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Ni vijiko vidogo vitano au sita, vimekorogwa kwenye maji. Haina protini, haina mafuta. Sahani ndogo ya bukari na sombe (kisamvu) inampa mtu nguvu kuliko chupa hiyo. Serumu ina kazi yake, na inaokoa maisha kwa anayeharisha na kutapika sana au aliyepoteza damu, lakini ni dawa yenye kiasi chake. Kwa mzee ambaye moyo au figo zimechoka, maji yanayozidi yanakwenda kwenye miguu na mapafu, na anaanza kuhema kama anayezama. Mtu anapofika mwisho wa safari yake, mwili wenyewe huanza kukataa chakula na maji, na kumjaza maji kwa nguvu kunaweza kumwongezea kikohozi na uvimbe. Kulowesha midomo yake kwa pamba, kumgeuza, kumtuliza maumivu, kumshika mkono, hiyo ni huduma kamili. Kutotundika serumu kunaweza kuwa ndio uamuzi wa mtu anayejua kazi yake, mradi ameieleza familia sababu.

Maswali matano kutoka Uingereza

Ndugu zetu walioko Ulaya wanaofanya kazi ya kutunza wazee hutusimulia ukaguzi mkali, nasi tunafikiri ni mambo ya nchi tajiri. Huko Uingereza tume inayoitwa Care Quality Commission, iliyoanza kazi mwaka 2009, hukagua pia huduma za nyumbani na kuzipa daraja moja kati ya manne. Lakini maswali yake ya msingi ni matano tu: Je, huduma ni salama? Je, inasaidia kweli? Je, watu wanatendewa kwa wema? Je, inamsikiliza mgonjwa huyu na mahitaji yake? Je, inaongozwa vizuri? Hakuna swali hapo linalohitaji mashine. Unaweza kuyauliza hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Lile la wema na kusikiliza sisi tunaliruka haraka, kana kwamba ni la anasa. Baba yangu alikubali kuogeshwa na kaka yangu na mwanamume wa kulipwa, lakini alikataa kula siku mbili baada ya mke wa kaka yangu kuambiwa amwogeshe. Mkwe wake! Hakuna aliyemuuliza. Kwenye karatasi huduma ilifanyika: ameogeshwa, 9h00. Kwake ilikuwa fedheha. Kabla ya kazi kuanza, mgonjwa aulizwe nani amguse, anaitwaje, anataka mlango ufungwe au la. Kama hawezi kusema, aulizwe anayemjua.

Huduma ikienda vibaya, lalamika kwa mpangilio. Anza na mwenye kampuni, kwa maandishi, ukitaja siku na saa. Asipojibu, nenda kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha eneo lenu, yule anayeitwa infirmier titulaire, kisha kwa daktari mkuu wa zone de santé, yaani ukanda wa afya. Kosa la muuguzi aliyesajiliwa linapelekwa pia kwenye Ordre, na kampuni isiyo na ruhusa inapelekwa kwenye ukaguzi wa afya wa jimbo. Kupigwa, kuibiwa au kudhalilishwa kwa mgonjwa ni mambo ya polisi, yasisuluhishwe sebuleni kwa chupa mbili za bia.

Lakini huko kote utaulizwa jambo moja: mliandika? Daftari la shule ndilo chombo cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja, na ndilo ninalolithamini kuliko vyote. Saa, kilichofanyika, nani amefanya, mgonjwa alikuwaje. Linabaki kando ya kitanda, halibebwi na kampuni, na yeyote wa familia anaweza kulifungua. Anayekuja usiku anajua mzee aligeuzwa upande gani mara ya mwisho. Daktari anaona tansio ya siku kumi, si ya leo tu. Na kurasa zikiruka siku tatu, unajua siku hizo tatu kulikuwa na nini.

Pale kwenye kilio, ubishi ulipochoka, nilimuuliza mtoto wa kwanza kama baba alikuwa na daftari. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na madaftari manne yaliyofungwa kwa uzi. Alianza kusoma la mwisho kwa kidole, kimya, mstari kwa mstari, mgongo umeinama. Kila baada ya saa mbili kulikuwa na mwandiko ule ule mdogo: kushoto, kulia, mgongo. Ukurasa wa mwisho alinipa nisome mwenyewe. "19h00. Uji amekataa. Maji vijiko vitatu. Mdomo umeloweshwa. Amegeuzwa kulia, ngozi ya nyonga haina joto. Binti yake amepiga simu kutoka Kolwezi, simu nimeiweka sikioni kwake. Amefumbua macho."

Mtoto wa kwanza aliuliza kama yule binti aliyemtunza baba yupo. Mtu akamwonyesha nyuma ya nyumba, alikokuwa anaosha masahani pamoja na wamama.